UZI: Mafao ya kustaafu yanaliwa na upweke kabla hayajaliwa na biashara. Kwa mnaokaribia miaka 60, na kwa watoto wenu

AfisaUtumishiMstaafu (mleta mada)

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, vijana hamjambo.

Nilikuwa afisa utumishi kwenye halmashauri. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuandaa majalada ya wanaostaafu: walimu, wauguzi, mabwana shamba, madereva, watendaji wa kata. Sasa na mimi nimestaafu, nipo zangu Morogoro, na nataka niseme kwa kirefu jambo ambalo nikiwa ofisini nililisema harakaharaka tu, mtu akiwa ameshashika kitasa cha mlango anaaga.

Kustaafu kukitajwa jukwaani, mjadala wote unaishia kwenye kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao. Ni haki yetu kukijadili na nitakifikia. Ila nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mafao mengi hayapotezwi na ujinga wa biashara. Mtu anaamka Jumatatu, hana pa kwenda, hana anayemsubiri, simu haiiti. Hali hiyo inamuuma kuliko alivyotegemea. Basi ananunua biashara ili apate pa kwenda. Pesa inatoka kutibu maumivu, na maumivu hayapigi hesabu.

Nje ya masjala yetu palikuwa na benchi la mbao. Saa moja na nusu asubuhi wastaafu walikuwa wameshakaa, shati limenyooshwa, bahasha ya kaki mapajani. Ukimuuliza, "Mzee, una shida gani leo?" anakujibu, "Nimekuja kufuatilia." Unafungua jalada lake, unakuta kila kitu kilishakwenda Mfuko wa pensheni, mkupuo (ile pesa ya mara moja) alishalipwa, pensheni inaingia. Hakuna cha kufuatilia. Alikuwepo mwalimu mkuu mmoja mstaafu ambaye akikaa pale alikuwa anawaomba vijana barua zao za uhamisho azipitie kabla hawajaingia ndani. Anatoa kalamu mfukoni, anaweka nukta, anamwambia kijana, "Hapa huandiki 'naomba', unaandika 'ninaomba kuwasilisha'." Chai ya saa nne ikipita, wahudumu walimpa kikombe bila kuuliza. Saa sita anaaga, anakwenda zake. Mzee yule hakuwa na shida ya pesa hata kidogo, maana alikuwa na pesa nyingi kuliko wakati wowote maishani mwake. Muda si mrefu alinunua gari la abiria. Mnaweza kukisia lilivyokwenda.

Sasa kikokotoo, kwa sababu bila namba tutakuwa tunapiga soga.

Chukua mtumishi wa umma aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 14,400,000. Unazidisha kwa 360, unagawa kwa 580, unapata kama 8,938,000. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake inazidishwa kwa 12.5 na kuwa mkupuo: takriban milioni 44.7. Asilimia 60 inayobaki unagawa kwa miezi 12: kama 446,900 kila mwezi, mpaka siku unaondoka duniani.

Kwa hesabu ya zamani ya PSPF, mfuko mmojawapo wa watumishi wa umma wa wakati ule, mtu huyohuyo angegawiwa kwa 540, azidishiwe 15.5, apewe nusu kwa mkupuo. Angeondoka na milioni 74.4 na pensheni ya 400,000. Kwa hiyo aliyejenga matumaini yake juu ya milioni 74 akakuta 44 ana kila haki ya kuumia, na asidharauliwe. Mifuko ya watumishi wa umma ilipounganishwa mwaka 2018 na kuzaliwa mfuko mmoja, PSSSF, kanuni mpya zilisema mkupuo ni asilimia 25 kwa wote. Zikapigiwa kelele, na Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Kwenye bajeti ya 2024 wale ambao zamani walikuwa kundi la asilimia 50 wakapandishwa kutoka hiyo 33 hadi 40, na wale wa kundi la zamani la asilimia 25 wakapewa 35. Hapo ndipo tulipo.

Watu wanaitazama 44 milioni wanasahau ile 446,900. Mshahara wako mpya ndio huo. Mkupuo ni tukio la mara moja, pensheni ni maisha. Ushauri wangu kwa aliyebakiza miaka miwili: piga hesabu ya pensheni yako leo, halafu anza kuishi kwa kiasi hicho wakati mshahara bado unaingia. Kinachozidi kiweke UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au lipia madeni. Kama huwezi kuishi nacho ukiwa bado na mshahara, bora ulijue sasa hivi ukiwa na nafasi ya kupunguza, kuliko kulijua ukiwa na miaka 61.

Na la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike uzi huu: mwaka wa kwanza usiguse mkupuo kwa jambo lolote kubwa. Madeni lipa. Paa linalovuja ziba. Zilizobaki ziweke mahali ambapo zinazaa na huwezi kuzichomoa kwa hasira ya siku moja. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, unaanza na milioni moja, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, na riba inaingia kila miezi sita. Viwango hubadilika: hati ya miaka 20 iliwahi kulipa asilimia 15.49, na mpya za mwaka 2022 zikashuka hadi 12.10. Lakini ile uliyonunua inabaki na riba yake mpaka mwisho, na ya muda mrefu namna hiyo haikatwi kodi ya zuio. Milioni 20 kwa asilimia 12 ni milioni 1.2 kila baada ya miezi sita. Ukihitaji pesa kabla ya muda unaiuza sokoni, ingawa bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. UTT mfuko wa Ukwasi unatoa pesa yako ndani ya siku chache za kazi, huo ni wa dharura.

Mwaka huo mmoja ni wa kuomboleza kazi yako. Ndiyo, kuomboleza. Umekaa na watu miaka 30, umeitwa Mwalimu, Sista, Bwana Shamba, Afisa, halafu Ijumaa moja wanakukabidhi shuka, jokofu dogo na keki, na Jumatatu kiti chako kimekaliwa. Hakuna anayekwambia pole kwa sababu wote wanakupa hongera.

Karibuni.

---

Mwl_Rukwa

Shikamoo mzee. Nashukuru kwa uzi huu, umenikuta pabaya. Nastaafu Oktoba. Nimepiga hesabu kwa namna uliyoonyesha, inakuja kama milioni 42. Shemeji yangu amenitafutia Coaster ya mkononi, mwenyewe anataka 38. Anasema nitakuwa naletewa hesabu kila jioni, sina haja hata ya kutoka nyumbani. Mke wangu hataki. Mimi roho inanituma ninunue. Naomba mniambie ukweli wenu bila kunificha.

---

DerevaWaMbeziMwisho

Mwalimu, mimi ni dereva, ngoja nikwambie mambo ya ndani. Wastaafu tunawajua sana stendi. Kwanza jiulize gari inauzwa kwa nini. Gari inayoingiza pesa mwenyewe haiuzi. Inauzwa ikianza kudai: mara gia boksi, mara kinozeli, mara mashine inagonga. Anaifanyia rangi, anabadilisha viti vitambaa, wewe unaona mpya.

Mwezi wa kwanza hesabu inakuja kamili, unafurahi. Mwezi wa pili naanza kukupigia: "Tajiri, leo tairi mbili za nyuma zimeisha." Kweli zimeisha, sikuibii. Kesho breki. Keshokutwa trafiki. Halafu bima, leseni ya njia LATRA, na kila siku gari ikilala gereji hesabu hakuna, lakini mimi na konda tunataka kula. Mwenye gari anayeifahamu gari anakuja gereji, anashika spea mkononi, anajua bei Kariakoo. Mwalimu atatuma pesa kwa simu. Sisemi madereva wote wezi. Nasema gari moja, tena chakavu, ya mtu asiyeijua, na ndiyo pesa yake yote, mimi mwenyewe nisingenunua na kazi ndiyo hii nimekulia.

Wenye magari wanaopata wana gari tano, sita. Moja ikilala nyingine zinabeba.

---

AfisaUtumishiMstaafu

Marahaba Mwalimu. Dereva amekujibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi, Mungu amlipe.

Naongeza moja tu. Soma tena ulichoandika: ukilipa 38 kwenye 42 umebaki na milioni nne, na gari bado halijatengenezwa. Na shemeji anakwambia huna haja ya kutoka nyumbani, wakati mimi nadhani kutoka nyumbani ndiko unakokuhitaji. Mkeo amekataa. Umeishi naye miaka yote hiyo kwa mshahara wa mwalimu na watoto wamesoma, basi msikilize, anajua pesa inavyopatikana humo ndani. Mwambie shemeji kwa heshima: "Nimeamua nisubiri mwaka mmoja." Usibishane naye juu ya gari. Sema mwaka mmoja tu. Kama biashara ni nzuri leo, mwakani itakuwepo.

Na kingine, kwa kuwa ni Oktoba: barua yako ya kwanza ya ajira unayo? Ya kuthibitishwa kazini? Jina lililomo humo linafanana na la kitambulisho cha NIDA? Hapa ndipo watu wanapokwama miezi na miezi. Barua ya mwaka 1991 imeandika majina mawili, NIDA ina matatu, cheti cha ualimu kina jina la babu. Nenda kaape kiapo cha majina mapema, kabla dirisha halijaanza kukurudisha. Na uombe taarifa ya michango yako uikague mwezi kwa mwezi, hasa miezi uliyohamishwa kituo. Mapengo mengi yanakaa hapo.

---

VyumbaSitaKibaha

Mleta mada, kwa heshima zote, unawatisha watu. Pesa kukaa mwaka mzima inapungua thamani. Mimi nimestaafu 2021, nina vyumba sita Kibaha, kila kimoja elfu hamsini, laki tatu inaingia kila mwezi pamoja na pensheni. Ningekaa mwaka naomboleza ningekuwa wapi leo? Mwanamume anatakiwa athubutu.

---

AfisaUtumishiMstaafu

Hongera sana mkuu, na natamani wangekuwepo wengi kama wewe. Naomba utuambie msingi ulichimba lini?

---

VyumbaSitaKibaha

Kiwanja 2009, msingi 2012. Nilikopa kwa mshahara mara mbili. Mafao nilimalizia madirisha, umeme na vyoo.

---

AfisaUtumishiMstaafu

Basi hatugombani hata kidogo. Wewe ulithubutu ukiwa na miaka 48 na mshahara ukiingia kila mwezi. Ukikosea, mwezi ujao unarekebisha. Ulipostaafu ulikuwa unamalizia jambo unalolijua, fundi unamjua, bei ya bati unaijua. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu mwenye jengo lake nusu anaruhusiwa kumalizia, wala sijamkataza. Ninayemzungumzia ni yule anayeanza jambo jipya kabisa mwezi wa pili baada ya kustaafu, tena kwa pesa yote: kuku, matikiti, kware, gari, au "mradi" anaoletewa na mtu mwenye tai. Wakumbuke waliopeleka pesa kwenye upatu wa DECI kabla serikali haijaufunga 2009, wapande mbegu wavune mara mbili. Foleni ile walikuwemo wazee wetu.

---

MkeWaMkuuWaShule

Shikamoo kaka. Nimesoma kimya kimya tangu juzi, leo nimeamua niandike, maana mimi kwangu tatizo halijafika kwenye pesa.

Mume wangu alikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Amestaafu mwaka jana. Tangu hapo anakagua jiko. Kwa nini mkaa umeisha, kwa nini nyanya zimekatwa nyingi, sufuria zangu amezipanga upya kwa ukubwa. Mimi nina genge mbele ya nyumba, nimeliendesha mwenyewe miaka yote akiwa kazini. Sasa anakaa pale na daftari, wateja wanaokopa anawasomea sheria. Wengine wameanza kununua ng'ambo ya barabara. Nikisema, anakuwa mkali. Usiku hasemi kitu, na halali.

Wiki iliyopita saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta sebuleni amevaa suruali ya suti na viatu vimepigwa rangi. Nikamuuliza, "Baba, safari ya wapi?" Akasema, "Popote." Nikaenda jikoni nikalia. Nifanye nini kaka yangu?

---

AfisaUtumishiMstaafu

Marahaba dada yangu, na pole. Nimesoma ujumbe wako mara nyingi kabla ya kujibu.

Mumeo alikuwa anaongoza watu mia kadhaa. Kengele ililia kwa amri yake. Sasa himaya yote aliyobakiwa nayo ni sufuria zako na genge lako, na anaongoza anachokiona. Hakuchukii. Lakini genge ni lako na lisife kwa ajili hiyo. Usimpe genge ili apate kazi, utapoteza wateja na heshima ya ndani ya nyumba kwa pamoja. Mtafutie, au mtume mtu anayemheshimu amtafutie, jambo lililo nje ya geti lenu na lenye cheo chake halali. Shule za jirani zina bodi na kamati. Kata ina baraza la usuluhishi, linahitaji wazee wenye busara. Vijana waliofeli kidato cha nne wanaorudia mtihani kama watahiniwa binafsi wamejaa mtaani, na mwalimu wa hesabu au Kiingereza mwenye uzoefu hawampati. Akifundisha kumi tu jioni, barazani, ubao mmoja, utamwona anavyorudi kuwa mtu. Msiweke faida mbele kwenye hilo. Acha kwanza apate saa kumi jioni ya kusubiriwa.

La kutolala, kaka yako nakuomba usilichukulie kama hasira. Mtu asiyelala wiki nyingi, hasemi, anavaa kwenda popote, huyo anaumwa. Anza na presha na sukari kwenye kituo cha karibu, hilo hatalikataa. Mkifika mwambie daktari mbele yake kwamba halali. Hospitali za mkoa zina kitengo cha afya ya akili, anazungumza na mtu, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wazee wetu wakisikia neno hilo wanawaza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe tu. Na kadi ya bima ya mstaafu inamhusu yeye na wewe mwenza wake, itumieni. Watoto ndio wanaotoka kwenye kadi, hilo mlipangie mapema.

Na suti ile usimwambie aivue. Jumapili muombe aivae mtoke wote wawili.

---

KitindaMimba

Shikamooni wazee. Mimi ni mtoto wa mwisho, baba amestaafu Juni. Kaka zangu wawili wameshafika nyumbani, mmoja anataka mtaji, mwingine anasema baba "alimwahidi" pikipiki. Shangazi ameleta habari ya ada. Kanisani wametangaza ujenzi na jina la baba limesomwa kabla hajasema chochote. Baba hawezi kusema hapana, akisema hapana anakosa usingizi. Pesa haijamaliza hata miezi mitatu tangu iingie.

---

MamaNesiDodoma

Mwanangu, mimi nesi mstaafu, nikwambie nilichofanya. Kabla pesa haijaingia nilikaa na mume wangu tukaandika kwenye karatasi kiasi cha kutoa. Chetu kilikuwa milioni mbili. Siku pesa ilipoingia tukawaita watoto na wadogo zetu, tukapika, tukagawa zile milioni mbili mbele ya wote, na sadaka ndani yake. Mume wangu akasimama akasema, "Hii ndiyo tuliyowapangia, nyingine imeshafungwa serikalini, hata mimi mwenyewe siwezi kuitoa leo." Na kweli ilikuwa kwenye hati fungani. Wengine walinuna. Miezi miwili wakanyamaza. Sasa wakija wanakuja kutusalimia.

Baba yako mwambieni awe na jibu la aina hiyo, lisilomlazimu kusema "sitaki". Akisema "imefungwa" anabaki baba mwema na pesa yake inabaki.

---

AfisaUtumishiMstaafu

Mama Nesi, umemaliza. Kitindamimba, mwoneshe baba maneno haya, au bora zaidi mwambie mama ayasome kwa sauti.

---

MlinziWaZamu

Wakuu, nyie mnazungumza ya serikalini. Mimi mlinzi, kampuni binafsi, nachangia NSSF, mfuko wetu wa sekta binafsi. Kwenye karatasi ya mshahara nakatwa kila mwezi. Juzi rafiki yangu amekwenda kufuatilia akaambiwa michango ya miaka minne haipo. Nina miaka 54. Nimeshikwa na hofu.

---

AfisaUtumishiMstaafu

Ndugu yangu, hofu hiyo itumie wiki hii, usiiweke. Nenda ofisi ya NSSF iliyo karibu na kitambulisho chako, omba taarifa ya michango tangu siku ya kwanza. Chukua karatasi zako za mshahara zote ulizotunza, maana ndizo ushahidi kwamba ulikatwa. Mchango wako ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida kumi wewe na kumi mwajiri. Kama kuna miezi haikupelekwa, andika malalamiko hapohapo ofisini na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri pamoja na adhabu, lakini mwajiri akishafunga kampuni utakuwa unamdai hewa.

Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji miezi 180 ya michango. Wewe wa 54 huenda bado una muda wa kuifikisha, inategemea una mingapi sasa. Ukistaafu ukiwa na pungufu utalipwa mara moja na hadithi inaishia hapo. Kila mwezi ulioibiwa unaweza kuwa ndio unaokukosesha pensheni ya maisha, kwa hiyo usione haya kusumbua watu.

---

BabuWaMombasa

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku kwetu Kenya mambo ni yayo kwa yayo. Mfanyakazi wa serikali anastaafu 60, na tangu Januari 2021 kuna mpango wa kuchangia, serikali inaweka asilimia 15 na mfanyakazi alianza na 2, kisha 5, kisha 7.5. Sisi wa zamani hatumo humo. Mimi nilingoja hela zangu kwa muda mrefu, na muda huo wa kungoja ndio mbaya. Mshahara umekatika, pensheni haijaja, unaishi kwa kukopa, na hela zikija tayari ni za watu. Kwa hiyo mzee akisema mwaka wa kwanza usiguse, nami nasema mwaka wa kabla weka akiba ya kula miezi sita. Usitegemee tarehe uliyoambiwa.

---

AfisaUtumishiMstaafu

Ahsante babu, hilo nililipita na ni kubwa. Wakuu, liwekeni akilini. Hata huku sheria imeweka siku 60, lakini jalada likiwa na doa lolote siku hizo hazianzi kuhesabiwa.

---

Mstaafu_Kimya

Mleta mada, nimekuwa naogopa kuandika. Mimi yamenikuta. Nilichukua mkopo mtaani, wa wale wa kausha damu, laki tano ya matibabu ya mke wangu. Wakachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mwezi pensheni ikiingia wanatoa wao, wananipa elfu arobaini. Nimeshalipa sijui mara ngapi, wanasema riba bado. Watoto wangu hawajui. Nilikuwa mtendaji wa kata, niliwahi kuwaonya wananchi juu ya watu hawa kwenye mikutano ya hadhara.

---

AfisaUtumishiMstaafu

Mheshimiwa mtendaji, pole sana, na ahsante kwa kuliweka hapa. Ulimtibu mkeo. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekucheka kwa hilo, na hapa jukwaani atakayejaribu tutamjibu wote.

Sasa fanya hivi. Nenda tawi la benki yako na kitambulisho cha NIDA, sema kadi yako iko mikononi mwa mtu mwingine, waifunge na wakupe mpya. Hilo ni la dakika chache na huhitaji ruhusa ya mkopeshaji. Kadi ni ya benki, haiwekwi rehani. Kama walikuandikisha pia huduma ya benki kwa simu, waombe waondoe namba isiyo yako. Siku hiyohiyo chukua taarifa ya akaunti tangu mwezi uliokopa, uone kila walichotoa, upige jumla.

Halafu ndipo uzungumze nao, na usiende peke yako. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni. Waombe waioneshe, pamoja na mkataba uliosaini. Wenye leseni wana kanuni za kufuata na unaweza kuwashtaki kwa Benki Kuu. Wasio na leseni, taarifa ya akaunti yako ndiyo ushahidi wa kupeleka polisi. Deni halali likibaki utalilipa kwa mkono wako, kwa kiasi mtakachoandikishana.

Na mtoto mmoja umwambie. Chagua yule mtulivu, umwambie leo jioni, aende na wewe benki. Nendeni mapema, kabla pensheni ya mwezi huu haijaingia.

---

Mstaafu_Kimya

Nimempigia binti yangu wa Singida. Anapanda basi kesho.